Nanojeli kwenye dawa na picha za hospitali: maswali ninayoulizwa dirishani Moshi

Mimi ni mfamasia, duka langu liko Moshi mjini. Maswali haya yameletwa na wagonjwa wanaotoka kliniki ya saratani na faili mkononi, na wanafunzi wa mafunzo ya vitendo, na majirani waliosoma mambo kwenye simu hadi usiku wa manane. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Nanojeli ni nini hasa?

Chana pampasi ya mtoto iliyokwisha kulowa. Ndani utakuta chembe zilizovimba, laini, zinang'aa na kuteleza kama mlenda. Kabla ya kulowa zilikuwa unga mkavu. Unga ule ni polima, yaani nyuzi ndefu za kemikali, na nyuzi hizo zimefungwa mafundo hadi zikawa wavu. Wavu huu unapenda maji. Unayanywa na kuvimba, lakini hauyeyuki kwa sababu mafundo yanaushikilia. Hiyo ndiyo jeli ya maji. Lenzi laini za machoni ni ndugu yake. Zilitokana na kazi ya Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague, waliochapisha habari za jeli yao mwaka 1960.

Nanojeli ni wavu wa aina hiyohiyo, ila kila chembe peke yake ni ndogo mno, kwa kawaida kati ya nanometa 20 na 200. Sehemu kubwa ya chembe hiyo ni maji. Dawa hukaa humo ndani, katikati ya nyuzi.

Nanometa 100 ni ndogo kiasi gani?

Unywele mmoja una unene wa nanometa kama 80,000. Ukizipanga nanojeli za nanometa 100 mstari mmoja kuukata unywele huo, zitaenea 800. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo nanojeli ikiwa ndani ya mshipa ni kama embe karibu na basi.

Vipimo hivi vina kazi. Kitu kidogo kuliko nanometa 6 hivi kinachujwa na figo na kutoka na mkojo kabla hakijafanya lolote. Kikizidi 200, wengu na ini hukinasa upesi. Wanaotengeneza nanojeli wanacheza katikati ya mipaka hiyo miwili.

Ni kitu kimoja na kile chujio cha maji cha nano cha Arusha?

Hapana, ingawa naelewa swali linakotoka. Wengi wetu huku kaskazini neno nano tulilisikia kwanza kwa Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Kwa watu wa Arumeru, ambao floraidi ya maji imewapaka meno rangi ya kahawia vizazi na vizazi, ile haikuwa habari ndogo. Lakini chujio linabaki kwenye ndoo na kazi yake ni kunasa. Nanojeli inaingia mwilini, na kazi yake ni kubeba kisha kuachia. Wanachoshiriki ni kipimo tu.

Kwani dawa ya kawaida ina kasoro gani hata ihitaji kubebwa?

Mwulize aliyewahi kutundikiwa ile dawa nyekundu, doksorubisini. Inaua seli za saratani vizuri, lakini ikishaingia kwenye mshipa inakwenda kila mahali damu inapokwenda. Nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda, na moyo unaumia kidogo kidogo. Ndiyo maana daktari hujumlisha dozi zote ulizopata tangu mwanzo, na jumla ikifika kiwango fulani anasimamisha, hata kama uvimbe bado unaitikia.

Sisi wa mlimani Kilimanjaro jambo hili tunalielewa kwa wapagazi. Mzigo unapopimwa kwenye mizani pale geti la Marangu, maswali ni mawili: nani anaubeba, na unashushwa wapi. Chakula kikishushwa Mandara, kituo cha kwanza, wakati wageni wamekwisha kufika Horombo, kituo cha pili, hakuna aliyeiba kitu, lakini usiku huo kuna watu watalala na njaa. Dawa nyingi tunazotundika ni sawa na chakula kinachoshushwa kidogo kidogo kila kituo kuanzia getini.

Kuna matatizo mengine mawili. Dawa fulani hazikubali maji kabisa. Paklitakseli ni mojawapo; ili iweze kudungwa ilibidi iyeyushwe kwa kimiminika kinachotokana na mafuta ya mbarika pamoja na spiriti, na kimiminika hicho chenyewe huwaletea wengine mzio mkali. Halafu kuna dawa dhaifu, kama protini na vipande vya vinasaba, ambavyo damu huvichanachana mara vinapoingia. Hizo zinahitaji mahali pa kujificha njiani.

Wazo la mbebaji lenyewe limekwisha kuthibitika. Marekani iliidhinisha Doxil mwaka 1995, ambayo ni ileile doksorubisini ndani ya viputo vya mafuta, na Abraxane mwaka 2005, paklitakseli iliyofungwa na protini ya damu iitwayo albumini. Hizo si nanojeli, ila ni kaka zake wakubwa. Na zimefundisha jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: kwa Doxil moyo ulipata nafuu, lakini wagonjwa wakaanza kuwaka moto viganja na nyayo hadi ngozi kubambuka. Mbebaji anahamisha dawa, na madhara nayo yanahama.

Inatengenezwa na nini? Isije ikawa ni plastiki tu mnatutia mwilini.

Mama aliyeuliza hivi alikuwa na haki ya kuuliza. Nyingine zinatokana na vitu vya asili: kitosani inayotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, alijineti ya mwani wa kahawia, pululani inayotengenezwa na kuvu, au asidi ya hayaluroni ambayo tayari unayo kwenye maungio ya magoti na ndani ya jicho. Nyingine ni za kiwandani, kama polietilini glaikoli. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni mwekundu na hutoa karagini, si alijineti. Naulizwa sana na vijana wanaotafuta biashara, basi nimelisema.)

Mafundo nayo ni ya namna mbili. Kuna mafundo ya kikemia, yaani nyuzi zinaunganishwa kwa nguvu na hazifunguki mpaka kitu fulani kizikate. Na kuna ya kujikusanya. Mfano mzuri ni wa Kyoto, ambako Kazunari Akiyoshi na Junzo Sunamoto walionyesha mwaka 1993 kwamba ukibandika kolesteroli kidogo kwenye nyuzi za pululani kisha ukazitia majini, kolesteroli, ambayo haipendi maji, hukimbilia ndani na kushikana, na nyuzi zinajikunja zenyewe kuwa chembe. Hakuna joto, hakuna kemikali kali, kwa hiyo hata protini nyororo inaweza kuwekwa humo bila kuharibika.

Nani alibuni jina hili?

Alexander Kabanov na Serguei Vinogradov, wakiwa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa wanatafuta namna ya kubeba vipande vya vinasaba.

Dawa inaingiaje ndani, na nani anaiambia itoke?

Kuingia ni rahisi. Unaweza kuiweka dawa wakati wavu unasukwa, au ukachukua nanojeli kavu na kuilowesha kwenye maji yenye dawa, ikanywa vyote pamoja. Kama nyuzi zina chaji hasi na dawa ina chaji chanya, zinavutana na dawa inatulia. Dawa nyingine hufungwa kabisa kwenye uzi kwa kiungo cha kemia, kama mzigo uliofungwa kamba mgongoni.

Kutoka ndiko kwenye ufundi, na ndiko kunakonivutia zaidi. Nanojeli hutengenezwa iweze kuhisi pale ilipo. Inahisi vitu kama hivi.

Cha kwanza ni uchachu. Damu ina pH 7.4 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umepanda). Seli za saratani hutumia sukari kwa pupa na kutoa asidi, kwa hiyo pembezoni mwa uvimbe pH hushuka hadi kama 6.5 au 6.8. Chembe ikishamezwa na seli inakuta uchachu zaidi, 5 hadi 6 kwenye vifuko vya mwanzo na hadi 4.5 kwenye vifuko vya kusagia taka. Anayejua mbege, pombe yetu ya ndizi, ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu anajua uchachu unavyobadilisha kitu bila wewe kukigusa. Wahandisi huchagua nyuzi zinazopata chaji kwenye uchachu, zikasukumana, wavu ukavimba na dawa ikamwagika. Au huchagua fundo linalokatwa na asidi.

Cha pili ni glutathioni. Hii ni kemikali ambayo seli hujilinda nayo, na ndani ya seli huwa nyingi mara 1,000 hivi kuliko kwenye damu. Inavunja kiungo cha salfa na salfa, kilekile kinacholegezwa na dawa ya saluni nywele zinapobadilishwa umbo. Funga wavu kwa viungo hivyo, na utatulia kwenye damu, halafu ukiingia tu ndani ya seli unafumuka. Kama ningelazimika kuweka fedha yangu kwenye mbinu moja ningeiweka hapa, kwa sababu tofauti ya mara 1,000 ni pana. Ile ya pH kati ya damu na pembezoni mwa uvimbe ni nyembamba na hubadilika kutoka uvimbe mmoja hadi mwingine.

Cha tatu ni joto. Kuna polima maarufu ya maabara, jina lake refu tunalifupisha PNIPAM, ambayo majini huwa imevimba hadi nyuzi joto 32 hivi, na ukizidisha joto inanywea ghafla kama kitambaa kinachokamuliwa. Mwili wetu una nyuzi 37, kwa hiyo wanaichanganya na polima nyingine ili kikomo kipande juu kidogo ya hapo, kisha wanapasha joto sehemu yenye uvimbe tu. Inafanya kazi kwenye chupa. Kwenye mgonjwa, kupasha sehemu moja bila kuunguza jirani yake ni kibarua kingine.

Kuna pia vimeng'enya vinavyotafuna wavu, kuna mwanga, kuna sumaku. Sitavimaliza.

Kwa hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye saratani?

Hapana. Hapa ndipo ninapogombana na video za kwenye simu.

Mwaka 1986 Hiroshi Maeda na Yasuhiro Matsumura wa Japani walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa ovyo, ina nyufa, na mifereji ya kuondoa maji haifanyi kazi vizuri. Vitu vikubwa kidogo hupenya kwenye nyufa na kubaki humo. Wazo hili lilizaa karibu nusu ya ndoto za fani yetu. Kisha mwaka 2016 timu ya Toronto ikapitia tafiti za miaka kumi, nyingi za panya, ikakuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Saba katika elfu moja. Nyingi ya zilizobaki huishia kwenye ini na wengu, ambako seli walinzi huzimeza kama kuku anavyodonoa mahindi.

Watu hubandika vitambulisho juu ya nanojeli ili seli za saratani zizipokee: asidi ya foliki, kingamwili, au huitumia hayaluroni yenyewe ambayo seli nyingi za saratani zina mpokezi wake. Inasaidia, lakini mara chembe inapoingia kwenye damu protini huivamia na kuivika koti, na kitambulisho kinafunikwa. Pia kitambulisho hakifupishi safari. Kinasaidia mlangoni tu, ukishafika.

Nanojeli ina faida moja ambayo chembe ngumu hazina. Ni laini, inajibonyeza. Inapita kwenye vitundu vyembamba vya wengu ambako chembe ngumu ya ukubwa uleule ingekwama, na kwa sababu hiyo mara nyingi huzunguka kwenye damu muda mrefu zaidi.

Maoni yangu, na ni yangu tu: matunda ya mapema yatatoka kule ambako safari ni fupi. Tone la jicho ambalo halioshwi na machozi ndani ya dakika chache. Sindano ya goti. Dawa ya ngozi. Pua. Huko humhitaji mpagazi apande hadi kilele cha Uhuru.

Na upande wa picha? MRI inahusikaje na jeli?

MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, haipigi mionzi. Inasoma maji ya mwili wako: inayapanga kwa sumaku, inayasukuma kwa mawimbi ya redio, kisha inasikiliza yanavyorudi kwenye mpangilio. Tishu zikifanana kwa maji, zinafanana kwenye picha, na uvimbe mdogo unajificha. Ndipo unapodungwa dawa ya kontrasti, ya kuzitofautisha, kwa kawaida yenye metali iitwayo gadolini. Gadolini huyafanya maji yaliyo karibu yake yarudi kwenye mpangilio haraka zaidi, na sehemu hiyo inang'aa nyeupe.

Gadolini ya kawaida ni molekuli ndogo, na ina kasoro mbili. Inazunguka yenyewe kasi mno kama pia ya kuchezea, na kasi hiyo inapunguza nguvu yake ya kuyagusa maji. Pia inatoka na mkojo upesi. Ukiifunga kwenye nyuzi za nanojeli, mzunguko unapungua na kila chembe ya gadolini inang'arisha zaidi, kwa hiyo unaweza kupata picha nzuri kwa gadolini kidogo zaidi. Na hapa jeli ina bahati yake. Ukizika gadolini ndani ya chembe ngumu, maji hayafiki na nguvu yote inapotea. Nanojeli imejaa maji tayari. Yanaingia na kutoka, kila mmoja anapata zamu yake karibu na gadolini, kama watu kwenye bomba la mtaa.

Njia nyingine ni vumbi la oksidi ya chuma, dogo sana, lililofumbatwa ndani ya jeli. Lenyewe kwa kawaida huitia picha giza badala ya mwanga. Ini lenye afya linameza chembe hizi na kuwa jeusi, na sehemu yenye uvimbe, isiyo na seli za kumeza, inabaki wazi. Ile tabia ya ini niliyoilalamikia kwenye dawa, kwenye picha inageuka msaada.

MRI peke yake?

La. Kwa CT scan unaweza kuweka madini ya dhahabu au ayodini ndani ya wavu, kwa sababu huzuia eksirei. Kwa upasuaji kuna rangi ya kijani iitwayo indosianini, inayong'aa kwa mwanga ambao jicho halioni ila kamera inaona. Ikiwa imetulia ndani ya nanojeli haififii haraka, na daktari wa upasuaji anaweza kufuata tezi za limfu za titi zilipo.

Kwa picha za nyuklia, ambako mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha kitu chenye mionzi, suala ni saa. Florini 18 hupungua nusu kila dakika 110. Nanojeli huzunguka siku nzima au zaidi, kwa hiyo ukiibandika florini taa itazimika kabla mpagazi hajafika. Wanatumia shaba 64, ambayo nusu yake ni saa 12.7, au zirkoni 89, saa kama 78.

Nina tatizo la figo. Gadolini si hatari?

Swali zuri, na usilimezee mate ukifika chumba cha picha. Mwaka 2006 gadolini ilihusishwa na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa wagonjwa ambao figo zao zimefeli sana. Tangu hapo aina ambazo gadolini imefungwa kwa ulegevu ndani ya molekuli yake zimeepukwa, na kwa mgonjwa wa figo huulizwa kipimo cha kreatinini kabla ya kudungwa. Mwambie mhudumu mapema, hata kama hujaulizwa.

Nanojeli haijaondoa wasiwasi huu. Inaweza kupunguza dozi, lakini pia inakaa mwilini muda mrefu, na gadolini inayokaa muda mrefu ina nafasi zaidi ya kuponyoka. Ndiyo sababu wavu wa gadolini unatakiwa uvunjike na kutoka baada ya kazi.

Chembe moja inaweza kutibu na kupiga picha kwa pamoja?

Inawezekana kwenye maabara, na ina maana. Ukiweka doksorubisini na oksidi ya chuma kwenye nanojeli moja, unapiga picha kwanza na kuona kama uvimbe wa mgonjwa huyu umeipokea. Kama haukuipokea, humtesi kwa mizunguko sita ya kemo. Kumbuka ile asilimia 0.7 ni ya kati tu. Uvimbe hutofautiana sana, na kumjua anayepokea kabla ya kumtibu kunaweza kuwa na thamani kuliko kubuni mbebaji mpya.

Tabu ni kwamba picha na tiba hazitaki dozi sawa. Picha hutaka kidogo mara moja, tiba hutaka kingi mara nyingi. Kuviweka gari moja huwa ni mabishano.

Kuna siku nitaacha kujidunga insulini?

Mzee mmoja wa Machame huniuliza hili kila mwezi akija kuchukua insulini yake, na kila mwezi namwambia, "Bado, mzee wangu."

Wazo lipo na ni la kupendeza. Asidi ya fenilboroni hushikana na glukosi. Ukiipandikiza kwenye nyuzi za nanojeli, sukari ikipanda inashikana nayo, nyuzi zinapata chaji, wavu unavimba na insulini inatoka. Sukari ikishuka, wavu unafunga. Kongosho ya jeli. Lakini asidi hiyo ya kawaida hufanya kazi vizuri kwenye hali ya magadi, yaani pH ya juu, kuliko kwenye pH ya damu, hivyo lazima irekebishwe. Na haichagui, hata sukari ya matunda inaishika, tena kwa nguvu kuliko glukosi. Mlango wa insulini ukichelewa kufunga, mtu anaweza kushuka sukari usiku akiwa amelala. Kwa hiyo endelea na sindano zako kama kliniki ilivyokupangia.

Nimesikia kuna chanjo ya kunusa.

Ni watafiti wa Japani tena. Waliipa pululani ile ya kolesteroli chaji chanya ili inate kwenye utando wa pua, ambao una chaji hasi, wakaweka humo kipande cha protini ya sumu ya botulini. Mwaka 2010 walionyesha kwamba panya walijenga kinga, na kwamba protini haikujikusanya kwenye ubongo, jambo lililokuwa linaogopwa kwa sababu pua na ubongo ni majirani. Baadaye walijaribu kwa nyani chanjo ya vijidudu vya nimonia. Pululani hiyohiyo imebeba protini za saratani na kupimwa kama chanjo kwa wagonjwa huko Japani. Kati ya nanojeli zote, familia hii ndiyo ninayoifuatilia kwa karibu.

Ikishaachia dawa, jeli yenyewe inaenda wapi?

Inategemea. Wavu wa viungo vinavyovunjika hurudi kuwa nyuzi fupi, na zile zilizo ndogo vya kutosha hutoka kwa figo. Wavu usiovunjika hubaki kwenye ini na wengu, na hapo ndipo dozi ya kumi inapotisha kuliko ya kwanza.

Chaji nayo ina lake. Polima zenye chaji chanya kali, kama polietilinimini, hubeba vinasaba vizuri mno lakini hutoboa ngozi ya seli. Polietilini glaikoli, inayotumika kumficha mbebaji asionekane na seli walinzi, baadhi ya watu wana kingamwili dhidi yake tayari.

Naweza kuipata hospitali zetu, KCMC au Mount Meru?

Leo hapana. Ukienda na saratani utapata upasuaji, kemo, au utapangiwa mionzi, na hizo ndizo zinazookoa watu sasa hivi. Nimeona mtu akichelewesha kemo miezi minne akisubiri "dawa ya nano" aliyoahidiwa na ndugu aliye nje. Uvimbe haukumsubiri.

Nimeuziwa jeli ya nano kwenye basi, inapaka na kutibu tezi dume.

Ilete niione, lakini jibu unalijua. Mtu mmoja aliniletea ya aina hiyo, kopo zuri, maandishi ya dhahabu. Hakukuwa na jina la kiambato, wala namba ya usajili, wala tarehe ya kuisha. Dawa halali nchini husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na unaweza kuwauliza. Kuandika nano kwenye kopo hakugharimu kitu zaidi ya wino.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, biolojia). Aanzie wapi kama anataka kazi hii?

Famasia pale Muhimbili, au kemia kwenye chuo chochote chenye maabara inayofanya kazi kweli. Baadaye kuna Nelson Mandela, Tengeru, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 kwa shahada za uzamili na uzamivu, na ina masomo ya sayansi ya vifaa. Asidharau hesabu. Nusu ya kazi ya nanojeli ni kuhesabu kinachotoka, kwa saa ngapi.

Umeme wetu huu wa kukatika, jeli hizi zitakaa bila friji?

Ukiziacha kwenye maji kwa muda mrefu zinaweza kushikana mabonge, na dawa ikavuja. Kwa hiyo nyingi hukaushwa kwa kugandishwa, zikawa unga mweupe mwepesi kwenye kichupa, pamoja na sukari kidogo ya kuzikinga zisiharibike wakati wa kukauka. Muuguzi anaongeza maji safi ya sindano na zinavimba tena. Zikirudi ukubwa uleule, vizuri. Zikirudi na mabonge, kichupa kinatupwa, na ndiyo maana mtengenezaji hupima ukubwa kabla ya kukausha na baada ya kulowesha. Ipo siku kichupa cha namna hiyo kitafika kwenye rafu yangu, na kitu cha kwanza nitakachosoma ni joto la kuhifadhi lililoandikwa ubavuni.